Habari Iliyokatikia Kijitoni

Kila anayepita nyumbani kunipa pole hutazama kwanza mguu uliofungwa plasta, kisha huuliza swali lile lile: "Sasa Mwalimu, ulikuwa na redio ya kuitia watu. Ilikuwaje ukashinda korongoni?" Nimejibu mara nyingi hadi mke wangu sasa hunisaidia kujibu, na anavyojibu yeye nazidi kuonekana mjinga. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Someni, mpeane, mcheke mpaka mtosheke, halafu mkija tuzungumze mambo mengine. Habari za vibali na barua za ruhusa naziacha, maana hata mimi zilinichosha.

Karatu: betri juu ya bati

Mnanijua kwamba nafundisha jiografia. Kwa miaka minane nimewachorea watoto wa Karatu kreta ya Empakaai ubaoni, ziwa kwa chaki ya bluu na heroe kwa chaki nyekundu, nikiwaeleza kwa sauti ya mtu aliyenawa uso kwa maji ya pale. Sikuwahi kufika. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza kama maji ya lile ziwa yana chumvi, nikamwambia aketi.

Aliyenipa sababu ya kwenda ni Fabiano Bayo, fundi wa redio, ambaye tumesoma naye tangu darasa la kwanza. Mpima ardhi mmoja Mzungu alipomaliza kazi zake huku alimwachia Bayo redio mbili za mkononi, zile ambazo watu huziita redio koli. Unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikia. Bayo alikuwa amezijaribu toka nyumbani kwake hadi kisimani, akaona hazitoshi. Alitaka kujua kama mtu aliye kijijini Nainokanoka, huko nyanda za juu, anaweza kusemezana na mtu aliye ukingoni mwa Empakaai. Tukakubaliana kwamba yeye atakaa Nainokanoka na redio moja, na mimi nitakwenda ziwani na ya pili.

Shida ilikuwa betri. Kila redio hula nane, na betri siku hizi, kama sabuni na sukari, hupatikana kwa kujuana. Tulipata chache mpya na nyingi zilizokwishatumika, tukazianika juu ya bati la Bayo ili jua lizirudishie nguvu. Mama yake alizigeuza kila baada ya muda kama anavyogeuza mahindi, na kuku mmoja aliyepanda kuonja alishuka na adabu.

"Redio hula betri ukisema, si ukisikiliza," Bayo alinifundisha. "Kwa hiyo ufupi, ndugu yangu. Uko wapi, hali gani, ova. Basi."

"Na nikitaka kukusalimia?"

"Utanisalimia ukirudi."

Karatu hadi Nainokanoka

Dereva wa lori la unga alituambia Jumatatu asubuhi, "Tunaondoka sasa hivi." Hakusema uongo, ila sasa hivi yake ilifika Jumatano, dizeli ilipopatikana. Tulikaa siku mbili juu ya mizigo yetu tukila viazi vitamu vya njiani kabla hatujaianza njia.

Kwenye geti la hifadhi mlinzi aliishika redio, akaiweka sikioni na kungoja.

"Hii inashika taarifa ya habari?"

"Haishiki kitu," Bayo akasema. "Inamsikia mwenzake tu."

"Na muziki?"

"Haina."

Mlinzi alimrudishia kwa upole, kama mtu anayemrudishia mwenzake sahani tupu, akatufungulia. Lori likatushusha kwenye njia panda huko juu milimani, na toka hapo tukatembea siku nzima ndani ya ukungu uliotulowesha nyusi. Bayo alibeba betri kifuani, chini ya sweta. Tulifika Nainokanoka jioni, yeye akitembea kwa kujipinda kama mama mjamzito, na mbwa wote wa pale wakaja kutuuliza sisi ni nani.

Nainokanoka: Mzee Saning'o anashika redio

Tulifikia kwa Tajeu, mwenye duka. Duka lake lilikuwa na viberiti, tumbaku ya kunusa, na rafu nyingi safi. Tulipotoa kilo mbili za sukari tulizokuja nazo, alitutazama kama wakwe. Yeye ndiye aliyetutafutia mtu wa kunipeleka Empakaai. Ni mwenzake wa rika moja, Mzee Saning'o, mrefu, mkavu, mpole, aliyechunga kule tangu utoto wake.

Hapa inabidi niwaeleze jambo, maana yote yaliyonipata yametoka hapo. Wamaasai wakikutana hawaanzi na shida. Wanaamkiana, kisha mmoja anatoa habari zake tangu alikotoka. Anasema alipita wapi, nyasi zikoje, ng'ombe wa nani aliwaona, nani mzima. Uzima hutangulia, na kama kuna ubaya hukaa mwisho. Kila anapomaliza kipande ananyamaza kidogo, na msikilizaji anaitikia "ee." Asipoitikiwa hasemi tena, maana anajua hasikilizwi. Akimaliza anasema habari ndizo hizo, na hapo imefungwa. Wenyewe wanasema habari wanaila, na mimi nilidhani ni namna tu ya kusema.

Asubuhi Bayo akampa Mzee Saning'o redio ajaribu, naye akasogea na yake hadi nyuma ya zizi. Mzee akabonyeza, akaamkia kwa Kimaasai.

"Sopai!"

Akangoja huku amekibana kitufe kwa nguvu zake zote. Bayo hakuweza kumjibu, maana mwenzako akiwa amebonyeza wewe huna njia. Mzee akasema, "Mimi natoka bomani asubuhi," akangoja tena. Kimya. Akaiweka redio chini kwenye nyasi, taratibu, kama mtu anayemwachia mwenye nyumba kiti chake.

"Hii fundi hapana sikiliza mtu," akaniambia.

Bayo alikuja mbio akaeleza habari za kitufe mara tatu. Aliyeelewa ni Tajeu. Akaichukua ile ya pili, akasimama nyuma ya zizi, akapaza sauti: "Ukimaliza kipande, achia. Mimi nitakwambia ee." Basi ikawa. Mzee anasema kipande, anaachia, inatoka "ee," anabonyeza tena. Walipeana habari za boma zima la Mzee, ng'ombe kwa ng'ombe, wakati wangeweza kuonana kwa kugeuza shingo. Walifurahi kupita kiasi. Bayo alisimama kati yao akiangalia betri zake zikiliwa, na nadhani machozi yalimlenga.

"Mwalimu," alininong'oneza, "huko njiani, huyu mzee asiiguse redio. Niahidi."

Nikamwahidi.

Kwenda Empakaai

Tulikwenda siku mbili, tukipitia Bulati, tukilala kwenye boma la jamaa wa Mzee. Walitupa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando. Nilikula hadi mama mwenye nyumba akaja kunitazama. Mzee alimweleza kwamba sisi Wambulu ni watu wa jembe, tukiona chakula ambacho hatukukilima wenyewe tunapagawa.

Mara tatu kwa siku nilipanda mahali pa juu na kumwita Bayo. "Bulati. Wazima. Ova." Naye: "Nakupata safi. Ova." Mzee alinitazama kwa masikitiko.

"Umemwambia nini?"

"Kila kitu."

"Hujamwambia ng'ombe hata mmoja."

Siku ya pili, karibu na saa sita mchana, njia iliishia hewani na ziwa likawa chini yetu. Jamani, niseme tu kwamba nilikaa chini. Si la bluu. Ni la kijani, na chaki zangu zote za miaka minane zilikuwa za uongo. Heroe walikuwa pembeni, wepesi, wachache kuliko nilivyozoea kuwachora. Tuliteremka msituni hadi majini nikatia kidole mdomoni. Maji yana chumvi, na yule mwanafunzi nimeshamwita nikamjibu.

Tulipopanda tena ukingoni nilibonyeza kitufe. "Empakaai. Wazima. Ova." Upande wa pili Bayo alipiga kelele, akasahau ufupi wake, akamshukuru Mungu na watakatifu watatu. Kumbe redio inafika! Mzee Saning'o alikuwa ameegemea mkuki wake.

"Miaka minane unafundisha hii ziwa," alisema. "Leo umeiona, umeisemea neno moja."

Nikajifanya nakunja ramani.

Kurudi: ramani yangu na njia ya punda

Tulirudi hadi Bulati, na siku ya nne asubuhi ndiyo ilikuwa ya kumalizia. Betri zilikuwa hoi, na jua la kuzianika halikuwepo, ila ule ukungu tu mweupe kama maziwa. Nilikuwa nimelala nazo kwapani, nne huku na nne huku. Mama mwenye boma aliziona asubuhi nilipozitoa akamuuliza Mzee ni dawa ya nini. Mzee alimjibu kwamba ni za kupunguza maneno.

Tulitembea kama saa mbili hivi, tukafika kwenye kijito chenye mawe mekundu, tukanywa. Hapo njia ya punda huzunguka kushoto kuufuata mlima kwa chini. Mimi nikatoa ramani na dira. Ilikuwa wazi kwamba tukikata kulia juu ya bega la mlima tutaokoa saa nzima.

"Njia ya punda inafika," Mzee alisema.

"Hii pia inafika, Mzee, na ni fupi. Ramani inaonyesha."

"Ramani ilipita hapa lini?"

Nilicheka nikatangulia. Yeye, kwa adabu tu ya kutomwacha mgeni, akanifuata. Baada ya nusu saa nikiwa mbele, nikisoma dira badala ya kutazama miguu, nyasi zilifunguka nikaingia kwenye korongo jembamba lililokuwa limefunikwa kabisa. Nilishuka kina cha watu wawili. Mguu wa kulia ulitangulia, na niliusikia ukivunjika kabla sijasikia maumivu.

Uso wa Mzee ukatokea juu, umezungukwa na ukungu.

"Babu zenu walichimba nyumba chini ya ardhi ili Wamaasai wasiwaone," alisema. "Kumbe bado mnaijua njia."

Halafu akashuka, akaugusa mguu, na mzaha ukamtoka usoni. Unyayo ulikuwa umegeukia upande usio wake. Tulijaribu mara mbili kunipandisha, mara ya pili nikazimia kidogo. Yeye ni mzee na mimi, mnajua wenyewe, nimeshiba. Chini ya korongo kulikuwa na kinyesi cha nyati, kibichi. Hakuweza kuniacha peke yangu akaenda kuita watu, na kama tungebaki hadi kesho, baridi ya kule juu ingenimaliza kabla nyati hajafika. Niliogopa. Nilimfikiria mke wangu na nikaogopa sana.

Ikabaki redio. Saa sita Bayo angeifungua yake. Ilipofika saa sita nilimwita nikiwa korongoni, nikapata mvumo tu. Korongo lilimeza sauti. Ilibidi redio ipande juu ya bega la mlima, na mwenye miguu alikuwa mmoja tu.

Nilimshika Mzee mkono. "Maneno machache, Mzee wangu. Taa ya redio imeshafifia. Mwambie mguu wa Mwalimu umevunjika, waje. Basi."

"Nimesikia," alisema, akapanda.

Korongoni

Hakwenda mbali, nilimsikia vizuri. Kimaasai changu ni cha mnadani, lakini kinatosha.

"Sopai! Mpe Tajeu." Kimya kidogo, kisha sauti ndogo ya Tajeu ikiitikia. Moyo wangu ukatulia. Halafu Mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyeketi kwenye kigoda chake:

"Mimi mzima."

"Ee."

"Tumeamka Bulati, boma ni zima."

"Ee."

"Ng'ombe wa boma wazima. Yule mweupe amezaa."

"Mguu!" nilipiga kelele toka chini. "Mzee, sema mguu!"

"Mbuzi wa pembe moja bado yupo," Mzee akaendelea. Akasema nyasi zikoje upande wa chini. Akasema mgunga uliopigwa na radi, na mahali tulipoona nyayo za fisi. Nilipiga kelele hadi koo likakauka. Akafika kijitoni, akataja mawe mekundu, akasema tulikunywa maji. Akasema, "Tukaacha njia ya punda, tukashika kulia." Akaachia kitufe. Hakuna "ee" iliyorudi. Akabonyeza tena, akaachia tena.

Alishuka akanipa redio. Taa ilikuwa imezimika.

"Imelala," alisema.

"Umefika wapi?"

"Kijitoni."

Nitaandika nilichosema, kwa sababu mtaona mwishoni kwa nini ni lazima. Nilimwambia: "Mzee mjinga wewe. Umeniua kwa porojo za ng'ombe wako." Nilimwambia mtu wa umri wa baba yangu, ambaye angekuwa anaota moto nyumbani kwake kama si dira yangu. Nilisema na mengine, ila hayo mawili yanatosha kunitia aibu hadi leo.

Alivua shuka yake moja akanifunika, akalaza mguu wangu kati ya matawi mawili na kuyafunga kwa ukanda. Kisha akakaa mdomoni mwa korongo na mkuki, ameelekea upande wa kile kinyesi, na shuka moja mwilini katika baridi ile. Tulikaa hivyo saa nyingi. Mara moja tu alisema, bila kugeuka, "Watakuja."

"Watakujaje? Hukuwaambia kitu."

"Habari haijafungwa," alisema.

Nilifumba macho. Niliona nimepata mwisho wangu pamoja na mtu asiyesikia.

Punda

Kama saa kumi hivi nilisikia kengele ya punda. Nilidhani ni homa. Halafu nikasikia Bayo akiita jina langu kwa sauti ya kilio, na vichwa vinne vikatokea juu. Walikuwa Bayo, Tajeu na morani wawili wenye kamba. Nyuma yao alikuwepo punda, tayari ametandikwa blanketi la kulalia mgonjwa.

"Nani aliwaambia?" niliuliza.

Bayo alimwonyesha Tajeu. "Mimi nilimwambia ni betri tu, tungoje jioni," alisema huku akijifuta uso. "Akanikatalia."

Tajeu alishangaa kwamba mwalimu mzima anahitaji kuelezwa. "Alisema yeye mzima," alinihesabia kwa vidole. "Boma zima. Ng'ombe wazima. Mpaka mbuzi. Wewe hakukutaja. Mtu asiyetajwa kwenye uzima anangojewa mwisho. Nikamwambia fundi, shida ni ya Mwalimu, na kama angeweza kutembea angeshika redio mwenyewe. Lete punda."

Na njia? Walifuata habari. Walipofika kwenye kijito chenye mawe mekundu waliacha njia ya punda, wakashika kulia, wakaona nyasi zilizokanyagwa na viatu vyangu. Kama Mzee angesema maneno yale machache niliyomfundisha, wangejua nimevunjika mguu na wangenitafuta mlima mzima ndani ya ukungu. Mimi mwenyewe, pamoja na ramani yangu, nisingeweza kuwaambia niko wapi.

Waliponivuta juu kwa kamba nilifikiri tunaondoka. Kumbe la. Tajeu alichuchumaa, Mzee naye akachuchumaa mbele yake, wakaamkiana upya, nami nimelazwa pembeni nikiwa na mguu kama mto wa kulalia.

"Tuliachia kijitoni," Tajeu alisema.

"Tukatoka kijitoni," Mzee akaanza.

"Ee."

"Ukungu ukawa mwingi."

"Ee."

"Mwalimu alikuwa mbele. Ardhi ikafunguka."

"Ee."

"Mguu ukavunjika. Nikapanda juu, nikakupa habari, redio ikalala."

"Ee."

Nilijua kinachofuata. Mtu huyu alikuwa hajaruka hata mbuzi wa pembe moja. Bayo alikuwa pale, morani wale walikuwa pale, na mimi sikuwa na pa kuuficha uso. Mzee Saning'o alinitazama, kisha akamgeukia mwenzake.

"Nikashuka," alisema.

"Ee."

"Baridi ilikuwa kali."

"Ee."

"Tukakaa, tukawangojea. Habari ndizo hizo."

Matusi yangu ndiyo jambo pekee aliloliruka toka Bulati. Kwa kuwa ninyi mmeniuliza habari, na habari yenye pengo haifungiki, nimeliweka mwenyewe hapo juu kama nilivyolisema. Pale pale nilijaribu kulirudia mbele ya wote na kumwomba radhi. Nilifika tu kwenye "Mzee wangu, yale maneno," akainua mkono kunizuia.

"Imeshafungwa, Mwalimu," alisema. "Panda punda."